Maswali ya Wasomaji: Rozari Ilitoka Wapi, na Husaliwa kwa Nini?

Kila mwezi wa Oktoba unapokaribia, sanduku la barua la safu hii hujaa maswali kuhusu rozari. Safari hii nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu swali lake limeulizwa kwa namna mbalimbali na wasomaji wengi, na pia kwa sababu jibu lake haliwezi kutolewa kwa haraka bila kumwonea mtu.

*

Mwalimu, pokea salamu kutoka Nyalenda, Kisumu. Tangu utoto tumefundishwa kwamba Mama Maria mwenyewe alimtokea Mtakatifu Dominiko akamkabidhi rozari mkononi, na picha iliyo ukutani kwangu inaonyesha hivyo hivyo. Mwanangu aliye kidato cha tatu amerudi likizo akisema kwamba wanahistoria hawaikubali habari hiyo. Nilimkemea, lakini moyo haukutulia. Je, tumedanganywa miaka yote hii?
Mama wa Jumuiya, Nyalenda

Mama, hamkudanganywa, na kijana wako hakukosa adabu kwa kuuliza. Mlipokea simulizi la zamani ambalo hata Mapapa wamelirudia kwa heshima, ingawa Kanisa halijalifanya kuwa jambo la imani ambalo Mkatoliki analazimika kulishika. Historia yenyewe ni ndefu zaidi kuliko simulizi hilo, na kwa maoni yangu ni nzuri zaidi, kwa sababu ndani yake wamo watu wengi wa hali ya chini.

Chimbuko la rozari liko katika Zaburi. Watawa wa kale waliazimia kusali Zaburi zote 150 kwa zamu, na wale wa Ireland walizigawa katika mafungu matatu ya hamsini hamsini. Zaburi hizo zilisaliwa kwa Kilatini, na vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi kwa gharama kubwa, kwa hiyo bruda aliyekuwa akilima shamba la monasteri au kuchunga kondoo wake hakuweza kushiriki sala ya wenzake waliosoma. Badala ya Zaburi alipewa sala aliyoijua kwa moyo, yaani Baba Yetu. Kanuni ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, iliyothibitishwa mwaka 1223, inaeleza utaratibu huo waziwazi: ndugu wasiosoma wasali Baba Yetu 24 kwa sala ya usiku, 5 kwa masifu ya asubuhi, 12 kwa masifu ya jioni na 7 katika kila moja ya saa nyingine, hata jumla ya siku moja inafika 76. Na waumini wa kawaida waliotaka kuwaiga watawa kikamilifu walisali Baba Yetu 150, moja kwa kila Zaburi.

Mtu akisali kwa idadi kubwa namna hiyo, vidole havimtoshi. Katika karne ya 4, mtawa mmoja wa jangwa la Misri aitwaye Paulo, ambaye alisali sala 300 kila siku, aliweka vijiwe 300 katika pindo la nguo yake na kutupa kimoja baada ya kila sala. Baadaye vijiwe viliachwa, zikatungwa punje katika uzi. Godiva, mke wa mtawala wa Mercia huko Uingereza, aliyefariki karibu na mwaka 1067, aliacha wosia kwamba uzi wake wa vito, ambao alikuwa akihesabia sala, utundikwe kwenye sanamu ya Bikira Maria. Kufikia karne ya 13, mjini Paris mafundi wa punje za sala walikuwa wengi kiasi cha kugawanyika katika vyama mbalimbali kufuatana na malighafi: walikuwapo wa mifupa na pembe, wa marijani na kombe, na wa kaharabu. Angalia, mama, kwamba Godiva alikufa zaidi ya miaka mia moja kabla Dominiko hajazaliwa. Kwa hiyo uzi wa punje hauwezi kuwa ulianza naye.

Sala ya Salamu Maria nayo ilikua polepole. Sehemu ya kwanza imetoka katika Injili ya Luka, sura ya kwanza: maneno ya malaika katika mstari wa 28 na ya Elizabeti katika mstari wa 42. Watu walianza kuyatumia kama sala ya kawaida katika karne ya 11 na ya 12, na karibu na mwaka 1198 askofu wa Paris, Odo, aliwaagiza mapadre wake wawafundishe waumini Salamu Maria pamoja na Baba Yetu na Nasadiki. Dominiko, aliyefariki mwaka 1221, kama alisali Salamu Maria basi aliisali bila sehemu ya pili, kwa maana yale maneno tunayoyajua sote, “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu”, yaliongezeka taratibu katika karne zilizofuata na kuthibitishwa katika kitabu cha sala za mapadre kilichotolewa na Papa Pius V mwaka 1568.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, yaani kutafakari maisha ya Yesu huku midomo ikisali. Hapa tunamkuta mtawa wa shirika la Wakartusi katika mji wa Trier, Ujerumani, ambaye mwanzoni mwa karne ya 15 alitunga vifungu 50 vifupi kuhusu maisha ya Yesu, tangu kutungwa mimba hadi utukufu wa mbinguni, na kila kifungu akakiambatanisha na Salamu Maria moja. Huyu naye aliitwa Dominiko, Dominiko wa Prussia, na sitashangaa ikiwa kufanana kwa majina kulichangia mkanganyiko uliokuja baadaye. Vifungu 50 ni vigumu kuvikariri, kwa hiyo kadiri miaka ilivyopita vilipunguzwa vikawa matukio 15, tukio moja kwa kila Salamu Maria kumi. Picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao ziliwasaidia wasiosoma kuyashika matukio hayo kwa macho.

Ndipo akaja Alan de la Roche, Mdominiko, yaani mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, kutoka Bretagne, Ufaransa. Karibu na mwaka 1470 alianzisha katika mji wa Douai udugu wa watu wanaosali Zaburi ya Bikira Maria, yaani Salamu Maria 150 badala ya Zaburi 150, na katika mahubiri na maandishi yake alisimulia kwamba Mama Maria alimpa Mtakatifu Dominiko ibada hiyo ili aihubiri kusini mwa Ufaransa dhidi ya uzushi. Simulizi la picha yako lilipata nguvu kutoka kwake, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo cha Dominiko. Shida waliyoiona wanahistoria ni kimya cha wote waliomtangulia. Dominiko alitangazwa mtakatifu mwaka 1234, na kabla ya hapo ndugu walioishi naye, kusafiri naye na kumsikia akilia usiku kanisani walitoa ushahidi kuhusu sala zake kwa kirefu, lakini hakuna aliyetaja rozari. Walioandika maisha yake mapema hawakuitaja pia. Waliochambua jambo hili kwa makini hawakuwa maadui wa Kanisa: Herbert Thurston, aliyeandika sana juu yake mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa padre Mjesuti.

Hata hivyo Wadominiko wanastahili sifa yao. Mwaka huo huo alipofariki Alan, yaani 1475, ndugu zao wa mji wa Köln, Ujerumani, walianzisha udugu wa rozari ambao haukudai ada, uliowapokea maskini na matajiri, wanawake na wanaume, na hata kuruhusu marehemu waandikishwe na jamaa zao. Wajibu wa mwanachama ulikuwa kusali rozari nzima ya Salamu Maria 150 mara moja kwa juma. Katika zama ambazo karibu kila chama kilikuwa na kiingilio, mlango wa namna hiyo ulivutia umati. Papa Pius V, ambaye naye alikuwa Mdominiko, aliipa rozari ya matendo 15, yaani yale matukio 15, uthabiti wa Kanisa zima kwa barua yake ya mwaka 1569.

Kwa hiyo rozari ni kama boma ambalo kila kizazi kimeongeza nyumba yake, na aliyejenga ya kwanza hakujua ya mwisho itakuwaje. Ilipofika kwetu na wamisionari wa Mill Hill, waliotokea Uganda na kufungua kituo Kisumu mwaka 1903, ilikuwa tayari imekamilika hivyo, ndiyo maana mababu zetu waliipokea wakidhani ilizaliwa siku moja. Picha yako usiiondoe ukutani. Inaonyesha imani ya watu waliotaka kusema kwamba sala hii ni zawadi, na hilo ni kweli hata bila tukio lenyewe. Kijana wako naye mwambie akuletee kitabu alichosoma, mkisome pamoja.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muumini wa Kanisa la Marafiki hapa Kakamega, na nimechumbia binti wa Kikatoliki. Tulipokwenda kwao kwa matanga ya babu yake, walisali rozari kila usiku, na mimi nilikaa nje na wazee wa kwetu. Bwana Yesu alikataza kurudia-rudia maneno katika Mathayo 6:7. Tena mbona Maria anaitwa mara hamsini na Baba mara chache tu? Nauliza kwa heshima, kwa kuwa hao ni wakwe zangu watarajiwa.
Mchumba, Kakamega

Marahaba, kijana wangu. Maswali yako ni mawili, na yote mawili yana uzito.

Katika Mathayo 6:7 Yesu anasema: “Nanyi mkiwa katika kusali, msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi.” Kosa analolitaja ni kudhani kwamba wingi wa maneno unamlazimisha Mungu. Kurudia kwenyewe hakukatazi, kwa sababu yeye mwenyewe alirudia: katika bustani ya Gethsemane, Mathayo 26:44, alikwenda akaomba mara ya tatu “akisema maneno yaleyale”. Zaburi ya 136, ambayo bila shaka umeiimba, ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na maneno yale yale kuhusu fadhili za Mungu zilizo za milele. Anayedhani kwamba Salamu Maria ya hamsini ina nguvu kuliko ya kwanza kwa sababu tu ni ya hamsini, huyo ndiye anayeonywa na Mathayo, na kwa bahati mbaya Wakatoliki wa namna hiyo wapo.

Kazi ya kurudia ni nini, basi? Uzi wa kawaida una punje 59: sita za Baba Yetu na 53 za Salamu Maria, tatu za mwanzo zikiwa za kuomba imani, matumaini na mapendo. Zile hamsini zinazobaki zimegawanywa makumi matano, na kabla ya kila kumi anayeongoza hutaja tendo, yaani tukio moja la maisha ya Yesu au la mama yake. Kwa muda wa kumi hilo, midomo inasema maneno ambayo haihitaji kuyafikiria, na akili inaachwa huru kukaa mbele ya tukio: Yesu akitoka jasho bustanini, Yesu akitwishwa msalaba, Yesu akifufuka. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1974 kuhusu heshima kwa Bikira Maria, alisema kwamba rozari isiyo na tafakari ni mwili usio na roho. Waanzilishi wa dhehebu lako, ambao ujumbe wao ulifika Kaimosi mwaka 1902, waliamini kwamba mtu anahitaji utulivu ili amsikie Mungu. Rozari inatafuta utulivu huo huo kwa njia tofauti: badala ya kunyamaza kabisa, inaupa mwili kazi ndogo ya kufanya ili moyo usitangetange.

Kuhusu Maria: nusu ya kwanza ya sala ni maneno ya Luka, na inaishia kwa jina la Yesu, ambalo ndilo kitovu chake. Nusu ya pili haimwombi Maria atusamehe wala atuokoe, bali inamwomba atuombee, kama unavyoweza kumwomba mama yako akuombee kabla ya mtihani. Najua kwamba kwenu jambo hili lina mpaka mwingine, kwa kuwa hamwombi msaada wa sala kwa waliotangulia, na tofauti hiyo siwezi kuifuta kwa safu ya gazeti. Lakini ukubali angalau kwamba Wakatoliki wanafundishwa kumwabudu Mungu peke yake na kumheshimu Maria, na kwamba Katekisimu yao, katika namba 971, inaiita rozari muhtasari wa Injili yote.

Mwenendo wako matangani haukuwa mbaya. Safari nyingine, ukiona vema, ingia ndani ukae nao. Baba Yetu utaisali pamoja nao bila shida yoyote, na kwenye Salamu Maria unaweza kunyamaza na kulitafakari tendo lililotajwa. Hakuna atakayekulazimisha zaidi ya hapo. Na ukisikia wanasali mbio kiasi kwamba nusu ya pili inaanza kabla ya nusu ya kwanza kuisha, usidhani ndivyo inavyotakiwa. Huo ni ugonjwa wa jumuiya zetu nyingi, hasa saa nne usiku chai ikiwa imeshaandaliwa, na viongozi wanapaswa kuukemea.

*

Mwalimu, nyanya yangu huku Bungoma hasali matendo ya mwanga. Kila Alhamisi anasali ya furaha kama zamani, na anasema rozari ya kweli ina matendo 15. Viongozi wa jumuiya wanamsema. Nani ana haki?
Mjukuu, Bungoma

Nyanya yako hana kosa lolote. Matendo ya mwanga yalitolewa na Papa Yohane Paulo II katika barua yake kuhusu rozari ya tarehe 16 Oktoba 2002, naye aliandika wazi kwamba anayapendekeza na kuwaachia waumini na jumuiya uhuru wa kuyatumia. Ni matano: ubatizo wa Yesu katika Yordani, harusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme wa Mungu, kugeuka sura, na kuwekwa kwa Ekaristi. Wazo hilo halikuwa jipya kabisa, kwani Padre George Preca wa Malta alikuwa amependekeza matendo ya mwanga mwaka 1957.

Sababu ya kuyaongeza inaeleweka kwa urahisi. Katika matendo 15 ya zamani, tunamwona Yesu akiwa na miaka 12 hekaluni, kisha ghafla yuko Gethsemane, na miaka yote ya mahubiri na uponyaji imerukwa. Kwa upande mwingine nyanya yako naye ana hoja ambayo huenda hajaitamka: matendo 15 yanatoa Salamu Maria 150, sawasawa na idadi ya Zaburi, na matendo 20 yanatoa 200, idadi ambayo haina uhusiano na Zaburi. Mimi binafsi husali ya mwanga kila Alhamisi na kuyapenda sana, hasa harusi ya Kana. Lakini kumsema mama mzee kwa kusali kama alivyofundishwa na katekista wake ni kutafuta ugomvi mahali ambapo Papa mwenyewe aliacha uhuru. Akiwa na jumuiya na aitikie yanayosaliwa na wote, na akiwa nyumbani kwake na asali yake.

*

Majirani zangu hapa Migori ni wa Legio Maria. Wanavaa rozari shingoni na kuisali sana, tena kwa moyo kuliko sisi. Je, ni Wakatoliki? Na hiyo rozari yao ni ile ile?
Msomaji, Migori

Legio Maria ni kanisa huru lenye uongozi wake, lililotokea katika eneo la Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwa waliolianzisha ni Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Haliko chini ya maaskofu Wakatoliki. Watu huchanganya jina lake na la Lejio ya Maria, chama cha kitume cha walei Wakatoliki kilichoanzishwa Dublin, Ireland, mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki na Edel Quinn, msichana wa Kiayalandi aliyekuja mwaka 1936 akiwa na afya dhaifu na kufariki Nairobi mwaka 1944. Kila mkutano wa chama hicho husali rozari, na waanzilishi wa Legio Maria walitoka katika mazingira ya Kikatoliki ambayo chama hicho kilikuwa kimeyagusa. Hivyo si ajabu kwamba walipotoka waliondoka na rozari yao.

Sala wanazosali juu ya punje hizo zina chimbuko moja na zetu. Tofauti iko katika mafundisho yanayozizunguka, na hayo ni marefu kuliko swali lako. Kuhusu moyo wanaosali nao, nakubaliana nawe, na sioni aibu kwa Mkatoliki wa Migori kuamshwa na bidii ya jirani yake.

*

Salamu Mwalimu. Mimi ni mwendeshaji wa boda boda mjini Nakuru. Nimefunga rozari kwenye usukani wa pikipiki, nayo imebarikiwa na padre. Wenzangu wa stendi wanasema inazuia ajali. Mwaka jana nilikwenda nayo Subukia, na mwaka huu uzi umekatika, punje kadhaa zimepotea. Mke wangu anasema ni ishara mbaya. Nifanye nini? Pia nieleze kwa nini tunakwenda huko mwezi wa Oktoba.
Mwendeshaji, Nakuru

Nianze na swali lako la mwisho. Tarehe 7 Oktoba 1571, meli za muungano wa Hispania, Venice na dola la Papa zilishinda meli za Waturuki huko Lepanto, kwenye pwani ya Ugiriki. Papa Pius V alikuwa amewaomba Wakristo wasali, na vyama vya rozari vya Roma vilikuwa vikifanya maandamano ya sala, kwa hiyo ushindi ule ulihusishwa na Bikira Maria. Mwaka 1573 Papa Gregori XIII aliifanya kuwa sikukuu ya rozari, na mwaka 1716 Papa Klementi XI akaieneza katika Kanisa zima. Papa Leo XIII ndiye aliyeutoa mwezi mzima: kwa waraka wake wa tarehe 1 Septemba 1883 aliagiza rozari isaliwe kila siku ya Oktoba katika makanisa ya parokia. Ndiyo maana hija ya kitaifa ya Subukia, katika Kijiji cha Maria Mama wa Mungu kilicho kaunti yenu, huangukia mwanzoni mwa mwezi huo. Mimi hupendelea kuikumbuka sikukuu hii kwa jina lake la rozari kuliko kwa vita vile, hasa kwa kuwa stendini kwako hapakosi dereva Mwislamu mwenye tasbihi yake mfukoni, naye ana haki ya kutoitwa adui kila Oktoba inapofika.

Sasa pikipiki. Rozari iliyobarikiwa inaitwa kisakramenti, yaani kitu kinachomwelekeza mtu kwenye sala na kumwandaa kupokea neema. Haifanyi kazi yenyewe kama hirizi. Katekisimu inaonya waziwazi kwamba kukitegemea kitu au tendo la ibada kwa umbo lake la nje tu, bila moyo unaotakiwa, ni kuangukia ushirikina. Kuitundika kwenye usukani hakukatazwi, mradi isishike breki wala kukuziba macho, na kama kuiona asubuhi kunakukumbusha kusali hata kumi moja kabla ya abiria wa kwanza, basi imefanya kazi yake. Lakini ajali huzuiwa na kofia ngumu, taa zinazowaka, breki zilizokaguliwa na kukataa kubeba abiria watatu. Mwenzako anayesema kwamba anaendesha kasi kwa sababu ana rozari amegeuza sala kuwa kiburi, na usipande naye.

Mwambie mkeo asiogope. Uzi umekatika kwa sababu umepigwa na jua, mvua na mtikisiko wa barabara ya Subukia, na Kanisa halifundishi popote kwamba rozari inayokatika inaleta habari mbaya. Ukiweza kuitengeneza, itengeneze: peleka kwa fundi wa shanga, aongeze punje zilizopungua na kuitia uzi wa nailoni au waya mwembamba. Haihitaji kubarikiwa upya kwa sababu ya uzi mpya na punje chache, ingawa padre hatakukatalia ukimwomba. Ikiwa imeharibika kabisa, usiitupe jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Vitu vilivyobarikiwa huchomwa moto au kuzikwa ardhini mahali pasipokanyagwa, na ukiona tabu, mpelekee katekista wa kigango chako, atajua la kufanya. Rozari ya plastiki utaipata kwa bei nafuu kwenye duka la parokia, na ukishaipata, kabla hujaifunga kwenye usukani, jifunze kwanza matendo ya siku zake: furaha Jumatatu na Jumamosi, uchungu Jumanne na Ijumaa, utukufu Jumatano na Jumapili, na Alhamisi utachagua kati ya mwanga na desturi ya nyanya wa Bungoma.